Kuchanganya Nyimbo kwa Nasibu ya Kweli: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Unguja na Pemba

Wengi wanaosikiliza muziki kwa simu wana shaka moja: kwamba kile kitufe chenye mishale miwili inayopishana hakichanganyi nyimbo sawasawa. Mtu ana orodha ya nyimbo 200, lakini akisikiliza asubuhi ndani ya daladala au usiku akiwa barazani, anaona ni zilezile zinazorudi, na nyingine hazijamfikia tangu azipakue. Shaka hiyo ina msingi, ingawa sababu zake mara nyingi si zile anazozidhania. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima programu unayoitumia, namna ya kuondoa mambo yanayoharibu nasibu bila mwenyewe kujua, na namna ya kuichanganya orodha nje ya programu ili upate mpangilio ambao hakuna aliyeupendelea. Maelezo yanafaa kwa Spotify, Boomplay, Apple Music na nyinginezo za aina hiyo. Wenye nyimbo zao katika memori kadi na flashi, ambao kwetu bado ni wengi, wana sehemu yao pia.

Amua kwanza unachokitaka

Chukua seti ya karata. Unaweza kuzichanga mara moja, kisha ukazifunua moja baada ya moja hadi ziishe, na hakuna karata itakayotokea mara mbili. Unaweza pia kufunua moja, ukairudisha, ukachanga upya kabla ya kufunua nyingine, na hapo ree ya shupaza iliyotoka sasa hivi inaweza kutoka tena papo hapo. Njia zote mbili ni nasibu ya kweli, ila matokeo yake hayafanani hata kidogo. Ipo na njia ya tatu, ya mtu anayechanga kisha akazipitia karata na kuzitenganisha za aina moja zilizokaa pamoja. Huo ni mpangilio uliotengenezwa ufanane na nasibu, na aliyeutengeneza ana lake analolitaka.

Katika njia ya kurudisha, marudio huja mapema kuliko mtu anavyotarajia. Ukiwa na nyimbo 200 na kila wimbo unachaguliwa upya kutoka katika zote, basi ukifika wimbo wa 17 uwezekano wa kuwa umeshasikia wimbo fulani mara mbili umevuka nusu. Kwa sababu hiyo, wengi wanaosema wanataka nasibu ya kweli huwa wanaitaka njia ya kwanza: kila wimbo mara moja, katika mpangilio usiotabirika, mpaka orodha iishe. Ndiyo nitakayoishughulikia kuanzia hapa.

Programu zinafanya nini hasa

Kanuni sahihi ya kuchanganya imejulikana siku nyingi. Ronald Fisher na Frank Yates waliichapisha mwaka 1938 kwa watu wanaotumia karatasi na kalamu, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa namna inayofaa kompyuta. Inatoa kila mpangilio unaowezekana kwa nafasi sawa, na kwa kompyuta ni mistari michache tu, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kudai kwamba kazi hii ni ngumu.

Tatizo lilitoka kwa wasikilizaji wenyewe. Mwaka 2005 Steve Jobs wa Apple alitangaza kwamba iTunes imepewa chaguo la kutenganisha nyimbo za mwanamuziki mmoja, kwa kuwa watu walipozisikia zikifuatana waliamini kwamba nasibu imeharibika. Spotify nao walieleza mwaka 2014 kwamba zamani waliitumia kanuni ya Fisher na Yates kama ilivyo, watu wakalalamika, na wao wakaibadilisha ili nyimbo za mwimbaji mmoja zitawanywe katika orodha nzima. Mwaka 2023 wakaongeza Smart Shuffle, ambayo huingiza katikati ya orodha yako nyimbo ambazo hukuziweka.

Malalamiko hayo nimeyashuhudia kwa karibu. Mwenye mkahawa mmoja mdogo wa Malindi alinisogezea simu yake juu ya meza, kidole kikiwa kwenye foleni ya nyimbo, akaniambia, "Yakhe, hebu tazama hapa. Hii simu ina mtu wake." Kweli, nyimbo mbili za mwimbaji mmoja wa taarabu zilikuwa zimefuatana, na chini kidogo nyingine mbili za mwimbaji huyohuyo. Nikamuuliza amemwekea nyimbo ngapi katika orodha yake ya nyimbo 100. Tukahesabu pamoja, zikawa 25. Sasa, katika nyimbo 100 kuna jozi 99 za majirani, na uwezekano wa jozi yoyote kuwa ya mwimbaji huyo ni 25/100 mara 24/99. Zidisha kwa 99, utapata 6. Maana yake ni kwamba simu isiyo na upendeleo wowote itamfuatanisha mwimbaji huyo kwa wastani mara sita katika kila mzunguko wa orodha. Isingefanya hivyo hata mara moja, hapo ndipo tungekuwa na haki ya kuishuku. Hakuridhika sana, lakini alikubali kuzipunguza.

Kwa hiyo mtu anayeitaka nasibu ya kweli lazima akubali mafungu. Asiyeyataka anaitaka ile njia ya tatu, na yeye aiache programu yake kama ilivyo, kwani huenda tayari inamfanyia anavyopenda.

Ipime programu yako

Tengeneza orodha ndogo ya majaribio yenye nyimbo 20: waimbaji watano, kila mmoja nyimbo nne. Bonyeza kitufe cha kuchanganya, fungua foleni, na uhesabu ni mara ngapi nyimbo mbili za mwimbaji mmoja zimekaa jirani. Nyimbo tatu za mtu mmoja zikifuatana, hizo ni jozi mbili. Simamisha, zima kitufe, kiwashe tena, uhesabu upya. Fanya hivyo mara kumi na ujumlishe. Huna haja ya kuzisikiliza, kwa hiyo jaribio hili haligusi bando lako kwa kiasi cha maana.

Katika nasibu ya kweli, wastani ni jozi tatu kwa kila mchanganyo: jirani yeyote wa wimbo anaweza kuwa mmoja wa nyimbo 19 zilizobaki, na tatu kati ya hizo ni za mwimbaji huyohuyo, nazo nafasi za ujirani ni 19. Katika michanganyo kumi utarajie jumla ya karibu 30, na chochote kati ya 20 na 40 ni cha kawaida. Ukipata chini ya 10, programu yako inawatawanya waimbaji kwa makusudi. Ukizidi 50, kuna kitu kingine kinachoegemea upande fulani, na mara nyingi kitakuwa mojawapo ya mambo nitakayoyataja chini ya "vinavyoingilia."

Hakikisha kwamba foleni inaonyesha nyimbo zote 20. Ikionyesha chache tu, zisogeze nyimbo mbele moja moja na uandike majina, ingawa kwa akaunti za bure zenye kikomo cha kuruka nyimbo utalazimika kuwa na subira.

Usichanganye upya kila siku

Hapa ndipo penye kosa kubwa, nalo halitoki kwa programu. Chukua msikilizaji mwenye nyimbo 200 ambaye kila asubuhi hubonyeza kitufe, akasikiliza nyimbo 20, kisha akazima. Kesho yake hubonyeza tena. Tuseme programu yake inachanganya kwa uadilifu kamili. Kila siku, kila wimbo una nafasi moja katika kumi ya kusikika, na siku iliyotangulia haina athari yoyote kwa inayofuata. Baada ya siku kumi atakuwa amesikiliza michezo 200, idadi sawa na nyimbo zake zote, na hapo anatarajia awe amezimaliza.

Hajazimaliza. Uwezekano wa wimbo fulani kukosa siku zote kumi ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani karibu 0.35. Katika nyimbo 200, hiyo ni sawa na nyimbo 70 hivi ambazo hajazisikia hata mara moja, huku nyimbo 14 hivi zikiwa zimemjia mara tatu au zaidi katika siku hizo kumi. Hizo 14 ndizo atakazokuja kusema kwamba simu inazipenda, na hizo 70 ndizo atakazosema zimefichwa. Hakuna aliyezipenda wala aliyezificha. Ni yeye aliyezichanga karata upya kabla hazijaisha mkononi.

Dawa yake haigharimu kitu. Changanya mara moja, kisha endelea kila siku pale ulipoishia, mpaka wimbo wa mwisho. Ugumu ni kwamba foleni za programu nyingi hupotea ukicheza kitu kingine katikati, kwa mfano mtoto akiomba wimbo wake, au wewe mwenyewe ukifungua qaswida moja siku ya Ijumaa. Ndiyo maana kwa orodha kubwa ninapendekeza mpangilio uandikwe ndani ya orodha yenyewe, na kitufe cha kuchanganya kizimwe kabisa.

Zima vinavyoingilia

Kabla ya hapo, ingia kwenye mipangilio ya programu. Zima nyongeza za nyimbo za mapendekezo, iwe Smart Shuffle au jina jingine lolote. Zima uchezaji unaoendelea wenyewe baada ya orodha kuisha, maana wengi huona nyimbo ngeni na kudhani zimetoka katika orodha yao. Tazama pia kama programu yako ina chaguo la aina ya kuchanganya, na likiwapo, chagua ile ya kawaida isiyopunguza marudio.

Kisha kagua orodha yenyewe. Wimbo uliomo mara mbili, mmoja kutoka albamu na mwingine kutoka mkusanyiko, una nafasi maradufu. Nyimbo zilizofifia kwa rangi ya kijivu hazipatikani tena na zitarukwa.

Jambo la mwisho hapa linatuhusu zaidi sisi wa visiwani. Bando likiisha, au ukiwa kwenye boti kati ya Unguja na Mkoani pahali mtandao umekatika, programu hucheza zile tu ulizozipakua. Ukiwa umepakua nyimbo 30 kati ya 200, basi njia nzima utasikia hizo 30, na hakuna kanuni ya kuchanganya itakayokupa nyingine. Ama pakua orodha nzima ukiwa kwenye waifai, ama ujue kwamba safari hiyo una orodha ndogo.

Changanya mwenyewe

Kwa mwenye kompyuta, au simu yenye Google Sheets, lahajedwali linatosha. Andika majina ya nyimbo katika safu A, moja kila mstari. Katika safu B andika =RAND() mbele ya wimbo wa kwanza, kisha uivute kanuni hiyo hadi chini, na kila wimbo utapata nambari ya nasibu kati ya sifuri na moja. Nambari hizi hubadilika kila unapoligusa jedwali, kwa hiyo zinakili na uzibandike palepale kama thamani tu. Halafu lipange jedwali zima kwa safu B, kutoka nambari ndogo hadi kubwa. Safu A sasa ina mpangilio wako.

Njia nyingine ni tovuti ya random.org, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mads Haahr wa Chuo cha Trinity, Dublin. Tovuti hiyo huchukua nasibu yake kutoka kwenye kelele za redio za angani, nayo ina ukurasa wa kuchanganya orodha: unabandika majina, unabonyeza, unanakili matokeo. Kwa sikio la binadamu haina tofauti na lahajedwali. Kuna tofauti ya kihesabu, kwa maana kompyuta isiyo na chanzo cha nje huzalisha nambari zake kutoka mbegu moja, yaani nambari ya kuanzia, na mbegu ya biti 32 ina thamani 4,294,967,296 tu, wakati nyimbo 13 peke yake zina mipangilio 6,227,020,800. Baadhi ya mipangilio haitatokea kamwe. Sijui msikilizaji gani atakayeishi miaka ya kutosha kuiona kasoro hiyo, lakini kwa anayetaka nasibu ya kweli kwa maana kamili ya neno, njia ni hiyo ya Dublin.

Asiye na mtandao atumie karatasi, kama Fisher na Yates walivyokusudia. Andika nyimbo zote kwa mstari. Tafuta nambari ya nasibu kati ya 1 na idadi ya nyimbo ambazo hazijakatwa; vipande vya karatasi vilivyoandikwa nambari na kukunjwa sawasawa vinafaa, mradi kila mara uviondoe vile vilivyozidi idadi hiyo na kukirudisha ulichokitoa. Hesabu kutoka juu ukiziruka zilizokatwa, na wimbo utakaofikia ukate, kisha uuandike katika karatasi ya pili. Rudia mpaka karatasi ya kwanza iishe. Kwa nyimbo 30 za shughuli ya usiku mmoja, si kazi kubwa.

Ukishapata mpangilio, fungua orodha mpya katika programu na uingize nyimbo kwa kufuata zamu hiyo, kisha ucheze kuanzia juu huku kitufe cha mishale kikiwa kimezimwa. Kwa nyimbo 200 kazi hii inachosha. Kwenye kompyuta ni nyepesi kuliko kwenye simu. Zipo huduma za watu wengine zinazoweza kuipanga upya orodha yako kwa kubonyeza mara moja, lakini zinaomba ruhusa ya kuingia katika akaunti yako na kubadilisha orodha. Ukizitumia, tengeneza kwanza nakala ya orodha, na ukimaliza uingie katika ukurasa wa akaunti yako uiondoe ruhusa hiyo.

Kwa wanaopanga muziki wa shughuli, ipo tahadhari moja. Onyesho la taarabu asilia hapa kwetu hufunguliwa na bashraf, ambayo ni ya ala bila ya mwimbaji, na haipendezi kuitupa katikati ya usiku kwa sababu tu nambari imeangukia hapo. Iweke ya kwanza kwa mkono wako, uchanganye zilizobaki. Nasibu ya sehemu ya orodha ni nasibu halali kabisa.

Urefu wa nyimbo

Kuchanganya nyimbo hakuchanganyi muda. Tuseme orodha yako ina taarabu 20 za dakika 12 kila moja, na bongo fleva 80 za dakika tatu. Kwa hesabu ya nyimbo, taarabu ni sehemu moja tu katika tano. Kwa hesabu ya saa, kila upande una dakika 240. Mgeni atakayeingia mkahawani wakati wowote ana nafasi nusu kwa nusu ya kukuta taarabu, na akija mara tatu akaikuta zote tatu atasema kwamba hapa pana taarabu tupu.

Ukitaka taarabu ichukue sehemu moja katika tano ya muda, unahitaji dakika 60 kwa zile 240 za bongo fleva, yaani taarabu tano za urefu huo. Rekodi za zamani hazina tatizo hili. Santuri za enzi ya Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande, kwa hiyo unaweza kuzichanganya na nyimbo za vijana bila ya upande mmoja kuumeza mwingine.

Nyimbo zilizo kwenye kadi na flashi

Wenye nyimbo zao wenyewe wana uhuru zaidi. Kwenye Windows, programu ya kuchezea muziki ya foobar2000 hutofautisha njia mbili nilizozieleza mwanzo: chaguo la "Random" hurudisha karata, na chaguo la "Shuffle (tracks)" huzimaliza kwanza. Wengi huchagua la kwanza kwa sababu ya jina lake, kisha wakashangaa wimbo unaporudi mapema. Chagua la pili.

Anayetumia Linux, au Termux (programu ya kuandikia amri) kwenye Android, aingie katika folda ya nyimbo na kuandika mstari mmoja:

ls *.mp3 | shuf > orodha.m3u

Amri ya shuf huichanganya orodha, na faili linalotoka hufunguka katika programu ya kuchezea muziki ya VLC. Lifungue humo huku kitufe cha kuchanganya cha VLC kikiwa kimezimwa, la sivyo utakuwa umechanganya mara mbili na kupoteza uwezo wa kuendelea ulipoishia. Faili hilo unaweza kulinakili kwenye flashi pamoja na nyimbo, mradi vikae katika folda moja. Redio nyingi za gari na spika za bei nafuu hazisomi mafaili ya aina hiyo, na kwa hizo yapo makubaliano ya zamani yanayofaa: badilisha majina ya nyimbo yaanze na nambari kwa kufuata mpangilio wako, 001, 002, 003, na kadhalika. Baadhi ya vifaa hivyo hufuata zamu ya kunakiliwa badala ya jina, kwa hiyo zinakili pia kwa mpangilio huohuo, kwenye flashi iliyofutwa kwanza.

Ukipata nyimbo mpya

Programu nyingi huweka wimbo mpya mwishoni mwa orodha, na ukiuacha huko mpangilio wako hauwi wa nasibu tena, kwa kuwa nyimbo mpya zote zitasikika pamoja mwisho wa mzunguko. Huna haja ya kuchanganya upya. Ikiwa orodha ina nyimbo 200, tafuta nambari moja ya nasibu kati ya 1 na 201, kisha uuingize wimbo mpya katika nafasi hiyo na uzisogeze nyingine chini. Kwa wimbo wa pili tumia 1 hadi 202, na uendelee hivyo. Ikiwa nambari imeangukia mahali ulipokwisha kupita, wimbo huo usubiri mzunguko unaofuata. Usiusogeze mbele kwa hamu ya kuusikia. Mzunguko ukiisha, yaani wimbo wa mwisho ukishachezwa, ndipo urudi kwenye lahajedwali, uandike =RAND() upya katika safu B, na uipange orodha nzima kwa mara nyingine.